Antena ya redio ya CB kwenye kichwa cha trela: moja au mbili, ndefu au fupi?

SWALI: Habari fundi. Niko Moshi, Pasua. Nimenunua kichwa cha Freightliner Columbia kilichotumika Marekani. Juu ya kioo cha mbele kuna nafasi ya redio, na redio ya CB yenyewe (ile ya madereva kuongea gari kwa gari) imo, ila antena hakuna. Zimebaki breketi mbili tupu kwenye saiti mira. Nina kichwa kingine cha Scania, na gari zote mbili huongozana kutoka Tanga hadi Arusha. Nataka madereva waongee bila kushika simu. Fundi mmoja wa Arusha anataka kunifungia antena fupi kama zile za magari ya watalii. Mwingine anasema bila mbili ndefu, kushoto na kulia, ni kazi bure. Nimsikilize nani, na wataongea mpaka umbali gani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa hili usimsikilize hata mmoja. Tafuta antena moja ya faiba, ya mita 1.2 au 1.5, ya aina ambayo waya wake umezungushwa kwa wingi sehemu ya juu. Ifunge upande mmoja tu wa Freightliner, halafu hela iliyobaki na jasho lako vyote vielekeze kwenye breketi. Watu wengi wananunua antena kwa kutazama urefu na jina, kisha wanaifunga kwenye chuma chenye rangi na kutu, halafu wanalaumu redio. Antena ya gari ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni bodi la gari lenyewe, na hiyo haiuzwi dukani.

Kabla ya spana kushikwa, pita ofisi ya kanda ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hapa Arusha. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, chombo cha kurusha mawimbi kinahitaji kibali, na redio kuja ndani ya gari kutoka nje hakuifanyi iwe halali. Nenda na karatasi au picha ya kibao cha nyuma ya redio inayoonyesha masafa na wati. Na kama siku moja gari zitavuka Holili au Namanga, kibali cha huku hakisomeki upande wa pili. Kenya wana mamlaka yao.

Sasa yule fundi wa antena fupi. Simlaumu, maana Arusha redio inayojulikana ni ya magari ya watalii, na mikono yake imezoea hizo. Lakini nyingi kati ya hizo ni VHF, masafa ya megahezi 150 hivi, ambako robo ya wimbi, ndio urefu ambao antena ya gari inautaka, ni kama nusu mita. Ndiyo maana antena ya Land Cruiser ni fupi na inafanya kazi vizuri. CB iko megahezi 27: chaneli ya 1 ni 26.965, ya 40 ni 27.405. Wimbi lake lina urefu wa mita 11, na robo yake ni mita 2.7 na ushee. Antena ya CB ya mita 1.2 ni ile ya mita 2.7 iliyofupishwa kwa kuzungushiwa waya kwenye fimbo. Ya VHF haina huo waya. Ukiichomeka, plagi inaweza kuingia vizuri tu, taa ya redio ikawaka, hata mikwaruzo ikasikika. Dereva akibonyeza maiki, nguvu inafika kwenye antena isiyolingana nayo, sehemu kubwa inarudi ndani ya redio, na transista za mwisho zinaanza kuchemka. Akiongea mara chache anaweza kupona. Akizoea, redio inakufa.

Yule wa antena mbili ana hoja, ila hakuimaliza. Antena mbili zikifungwa pamoja zinasukuma mawimbi zaidi mbele na nyuma kuliko pembeni, jambo ambalo kwa barabara ni zuri. Lakini ili zisaidiane sawasawa zinatakiwa ziachane karibu robo ya wimbi, ile mita 2.7. Kutoka saiti mira hadi saiti mira unafika hapo kwa shida, na faida inayobaki ni ndogo. Na kwa faida hiyo ndogo unabeba breketi mbili za kusafisha, waya mbili za kulinda, na tawi moja la mti likivunja ya kushoto, ya kulia nayo haifai tena kwa sababu zimeunganishwa. Zinapendeza machoni, hilo sibishi. Pale gari ilipotoka zimekuwa kama urembo wa kawaida wa kichwa.

Hapo ndipo penye mtego wa gari lako. Freightliner nyingi zinakuja na waya wa antena umeshapitishwa ndani ya nguzo ya mlango mpaka juu kwenye redio. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, futa ganda la ule waya, usome maandishi yake. Ikiwa umeandikwa RG-59, huo ni wa omu 75, na bila shaka zipo mbili, kushoto na kulia, zinakutana kwenye plagi moja nyuma ya redio. Ni waya wa antena mbili. Ukifunga antena moja kwenye mguu mmoja na kuuacha mwingine ukining'inia, hutapata kipimo kizuri hata ukeshe. Uache humo ndani, ufunge ncha zake kwa tepu, kisha upitishe waya mpya ulioandikwa RG-58 au RG-8X, wa omu 50, mmoja, kutoka breketi hadi redio bila kiungo katikati. Ukizidi urefu usiukunje kama kamba ya katani iliyofungwa dukani. Uuache kwenye mzunguko mpana nyuma ya dashibodi. Na usiupitishe mahali ambapo mlango unaubana. Waya huu ndani una plastiki nyeupe, nyingine laini kama sponji, kati ya shaba ya katikati na wavu wa nje. Ukibanwa, hasa ule wa sponji, inakaa bapa, na kwa nje huoni kitu.

Twende kwenye breketi. Jipe nusu siku hapa.

Antena ya faiba inakaa juu ya bolti yenye tundu, ambayo mafundi wa redio wanaiita stadi. Stadi inapita kwenye tundu la breketi, lakini sehemu yake ya katikati haitakiwi kugusa breketi kabisa. Kinachoitenganisha ni washa ya nailoni yenye shingo, na shingo hiyo lazima iingie ndani ya tundu. Fundi mwenye haraka anaiweka kichwa chini, au shingo inakaa juu ya tundu bila kuingia, anakaza nati, nailoni inapasuka, na stadi inalala kwenye chuma. Kwa macho kazi ni safi. Kwa umeme umeunganisha chanya na hasi. Ukisikia mtu anasema antena yake mpya haifanyi kazi kwenye chaneli yoyote, anza kufungua hapo.

Upande wa pili wa breketi ni kinyume chake: breketi yenyewe lazima iguse bodi la gari, chuma kwa chuma. Fungua bolti zake, kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka uone chuma kinang'aa, pande zote mbili, na chini ya washa pia. Weka washa zenye meno. Ukimaliza kukaza, pakaa grisi au rangi kwa nje ili maji yasiingie. Kebini za Freightliner ni za alumini, na bolti ya chuma kwenye alumini ikipata maji ya mvua na vumbi la njiani inaota unga mweupe unaokata mguso polepole. Baada ya mvua za masika fungua uangalie tena.

Saiti mira za gari hizo zinakaa kwenye mlango, na mlango unashikwa na bawaba zilizojaa grisi. Umeme wa redio haupendi bawaba. Mlango ukitikisika kwenye matuta, mguso unakuja na kuondoka, na mwenzako wa nyuma anasikia maneno yaliyokatwakatwa. Dawa yake ni mkanda wa shaba uliosukwa, mpana na mfupi kadiri inavyowezekana: mmoja kutoka breketi hadi fremu ya mlango, mwingine kutoka mlango hadi kebini kando ya bawaba, na wa tatu kutoka kebini hadi chesisi, kwa sababu kebini imekaa juu ya mipira na mifuko ya hewa. Waya mwembamba wa taa hautoshi hapo. Kwa betri ungetosha. Kwa mawimbi ya redio upana ndio unaofanya kazi.

Watu hupenda kupima kwa sumaku: ikinata wanasema hapo pana ethi, yaani mguso wa hasi kwenye bodi, isiponata wanasema hapana. Alumini haishiki sumaku na bado ni bodi zuri sana. Faiba haishiki sumaku na haifai. Kwa hiyo tumia mita ya kawaida ya umeme. Antena ikiwa imetolewa, gusa katikati ya stadi na breketi: isisome kitu, iwe wazi kabisa. Kisha gusa breketi na nguzo ya hasi ya betri: isome karibu na sifuri, chini ya omu moja. Ukipata majibu hayo mawili, umeshamaliza sehemu ambayo wengi wanaikosa. Nimesema antena iwe imetolewa kwa sababu kuna aina za antena ambazo kwa ndani katikati imeunganishwa na ethi makusudi, na mita itakudanganya.

Kuhusu springi chini ya antena: kwa faiba nyepesi ya mita 1.2 ni sawa, na kwa njia yenye matawi inakuokolea fimbo. Lakini ukiweka springi laini chini ya antena nzito, gari likifika mwendo wa 80 antena inalala nyuma, na kipimo ulichopata ukiwa umeegesha hakipo tena. Nunua pia kile kifungo cha kuchomoa haraka. Dereva akilala Njiapanda ya Himo, aichomoe aingie nayo ndani. Antena inayoonekana ngeni inawavutia watu.

Umeme wa redio uuvute moja kwa moja kutoka betri, waya mbili, fyuzi kila upande. Redio ya wati 4 haili hata ampea 3 kwenye kuongea kwa kawaida, kwa hiyo fyuzi ya 3 au 5 inatosha. Tundu la kiberiti uliachie chaja ya simu. Na hiyo chaja yenyewe, pamoja na zile taa za LED za bei nafuu, ndizo zinazoleta mvumo kwenye spika. Ukisikia mvumo, zima kimoja kimoja mpaka unyamaze.

Sasa kupima. Usiruhusu mtu akuambie amefunga antena ya CB kama hana mita ya SWR. Ni kisanduku kidogo kinachoingia kati ya redio na waya wa antena, kinakuonyesha nguvu inayokwenda na inayorudi. Egesha gari mahali peupe, mbali na ukuta, mti, nguzo za umeme na magari mengine. Funga milango yote miwili, na tela iwe imeungwa kama linavyotembea barabarani, kwa sababu kontena lililosimama nyuma ya kebini linabadilisha kipimo. Hakikisha hakuna anayeongea kwenye chaneli. Chaneli ya 1, swichi ya mita upande wa kwenda, bonyeza maiki bila kusema neno, zungusha kitufe mpaka mshale ufike kwenye alama, geuza swichi upande wa kurudi, soma, achia maiki. Rudia chaneli ya 20 na ya 40.

Namba zikiwa juu zaidi kwenye chaneli ya 1 kuliko ya 40, antena ni fupi, iongeze. Zikiwa juu zaidi kwenye 40, ni ndefu, ipunguze. Faiba nyingi zina skrubu kwenye ncha, chini ya kofia ya mpira. Unazungusha kidogo, unapima tena. Kama ni fimbo ya chuma ya kukata, kata milimita 3 kwa wakati, maana chuma kilichokatwa hakirudi. Zikiwa juu ya 3 kwenye chaneli zote, usiguse urefu wala usiendelee kubonyeza maiki; rudi kwenye ile washa ya nailoni na kwenye rangi ya breketi.

Ukiishapata 1.5 katikati na chini ya 2 kwenye ncha zote mbili, funga kisanduku chako. Ninawaona watu wanahangaika siku nzima wakitafuta 1.1. Kwenye 1.5 kinachorudi ni asilimia 4 tu ya nguvu. Kwenye 2 ni asilimia 11, na kwa redio ya wati 4 hiyo haifiki hata nusu wati. Mwenzako hataitambua kwa sikio. Kwenye 3 ni asilimia 25, na hapo ndipo redio inaanza kuumia. Tena kipimo kizuri peke yake hakithibitishi kwamba antena inarusha. Waya mbovu unaomeza nguvu njiani unaweza kukuonyesha namba ya kupendeza sana.

Scania ni kazi nyingine kabisa, na hapa ndipo naona utapoteza hela usipoangalia. Kwanza ni volti 24, wakati redio nyingi za CB ni za 12. Mafundi wengi wanakwenda kwenye moja ya zile betri mbili na kuchota 12 pale. Inawaka, ni kweli. Lakini betri moja inatumika zaidi ya mwenzake, altaneta inazichaji kana kwamba zinalingana, moja inazidiwa na nyingine haijai, na baada ya muda unanunua betri zote mbili. Weka konveta ya 24 kwenda 12, ya ampea 5 au zaidi, uikalishe mbali na waya wa antena kwa sababu nyingine zinavuma. Au nunua redio inayokubali volti zote mbili, zipo.

Pili, hakikisha redio ya Scania inaelewana na ile ya Freightliner. Redio nyingi za Kimarekani ni za AM. Ukiletewa ya Uingereza ya zamani yenye alama ya CB 27/81, hiyo ni FM na iko kati ya megahezi 27.60125 na 27.99125, nje kabisa ya chaneli zako. Zote mbili zitasoma chaneli 19 kwenye kioo, na madereva hawatasikiana hata wakiegesha ubavu kwa ubavu. Taka iliyoandikwa chaneli 40, AM, kuanzia 26.965 hadi 27.405.

Tatu, saiti mira za Scania ni gamba la plastiki, kwa hiyo breketi ya Freightliner haina pa kushika. Kama gari lina lile bomba la chuma la taa juu ya kebini, funga hapo, bomba liunganishwe na kebini kwa mkanda wa shaba kama nilivyoeleza. Ila juu kule antena ya mita 1.2 itazidi kimo. Tumia ya sentimita 60 hadi 90 yenye springi na ukubali kwamba itafika karibu zaidi, na kwamba kuilinganisha chaneli zote 40 kutakuwa kugumu. Ilinganishe kwa chaneli mtakayoitumia, basi. Kama paa ni bati la chuma (hapa sumaku inakuambia ukweli), kitako cha sumaku nacho kinafanya kazi bila kukwangua rangi. Kifute vumbi chini yake mara kwa mara, la sivyo njia ya rasta itakisugua mpaka kwenye chuma.

Umbali. Gari kwa gari, kwa wati 4 na antena zilizofungwa vizuri, tarajia kilomita 5 hadi 10. Kipande cha Hedaru, Makanya na Same, tambarare na wazi, kitawapa zaidi ya hapo siku nyingine. Mkiingia Usa River na Tengeru, penye miti, mabonde na majengo, mnaweza kubaki na 3. Ndiyo sababu nasema redio hii ni ya gari zenu mbili zinazoongozana, kumwambia wa nyuma kuna ng'ombe barabarani au lori limeharibika kwenye kona. Usitegemee kukuta madereva wengine humo. Huku kwetu wako kwenye simu. Na mchana wa jua kali madereva wako wakisikia lugha za mbali zikiingia ghafla kama ziko Boma Ng'ombe, redio haijaharibika: masafa haya hurudishwa na tabaka la juu la angahewa na kusafiri maelfu ya kilomita, hasa miaka ambayo jua lina madoa mengi. Wahamie chaneli nyingine, na kama fujo iko kote, wasogeleane.

Usikubali mtu akuuzie kikuza nguvu ili kuongeza umbali. Kibali chako hakitakiruhusu, na kama mwenzako hakusikii kilomita 2 kwenye tambarare ya Same, tatizo liko kwenye breketi.